Mafaili Makubwa na Barua Pepe: Kwa Nini Hurudi, na Namna ya Kuyafikisha

Wiki ya mwisho ya kila robo mwaka ndiyo wiki ambayo dawati letu la msaada wa TEHAMA hapa Mwanza huwa na simu nyingi, na sehemu kubwa ya simu hizo huhusu jambo moja: taarifa imeandikwa, imepigwa muhuri, imeskaniwa na kuambatishwa kwenye barua pepe, kisha baada ya dakika chache imerudi kwa mtumaji ikiwa na maelezo ya Kiingereza yenye namba 552 au 5.3.4. Mtumaji hujaribu tena; mara ya tatu huhamia kwenye simu yake na kutumia bando lake mwenyewe, na bado taarifa hurudi. Mara nyingi namba hizo humaanisha kwamba ujumbe umezidi kiwango ambacho seva, yaani kompyuta inayopokea na kupeleka barua pepe, imeruhusiwa kupokea, na kwa sababu hiyo kuurudia ujumbe uleule, hata kwa mtandao wenye kasi zaidi, hakutabadili jibu.

Sababu yake inaeleweka vizuri zaidi tukikumbuka kwamba barua pepe haikubuniwa kubeba mizigo. Kanuni za SMTP, ambazo seva huzifuata zinapopokezana ujumbe, zilichapishwa mwaka 1982 zikitarajia maandishi matupu, tena ya herufi chache zinazotosha kuandika Kiingereza. Picha, sauti na majedwali havikuwa na nafasi humo. Njia tunayoitumia hadi leo kuviambatisha ni ile ya MIME, iliyoandaliwa na Nathaniel Borenstein na Ned Freed, na Borenstein alituma ujumbe wa namna hiyo tarehe 11 Machi 1992 ukiwa na picha na wimbo wa kikundi chake cha waimbaji wanne. Ujanja wake ni kuligeuza faili zima kuwa herufi, kiasi kwamba kila baiti 3 za faili (MB 1 ni kama baiti milioni moja) huandikwa kwa herufi 4, na mwisho wa kila mstari huongezwa alama za kukata mstari. Faili linaposafiri, kwa hiyo, huwa limenenepa kwa zaidi ya theluthi moja, takriban asilimia 37 ukijumlisha na alama hizo.

Hapo ndipo penye jibu la swali tunaloulizwa mara nyingi kuliko yote: «Faili langu lina MB 8 na ukomo wa ofisi ni MB 10, mbona linakataliwa?» Faili hilo la MB 8 likishageuzwa kuwa herufi hukaribia MB 11, na seva huupima ujumbe mzima ulivyo njiani, siyo faili lilivyo kwenye kompyuta yako. Kwa ukomo wa MB 10, hesabu salama ni kutozidi MB 7 kwa viambatisho vyote pamoja.

Ikumbukwe pia kwamba ujumbe hupita kwenye seva zaidi ya moja, na kila seva ina ukomo wake. Gmail humruhusu mtumiaji kutuma viambatisho vya hadi MB 25, lakini ruhusa hiyo haiilazimishi seva ya ofisi unayoiandikia kupokea mzigo wa kiasi hicho. Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba, na kwa barua pepe pembamba penyewe mara nyingi pako upande wa mpokeaji, mahali ambapo mtumaji hawezi kupaona. Kumuuliza mpokeaji ukomo wa ofisi yake kabla ya kutuma huchukua dakika moja.

Hata hivyo, kabla ya kutafuta njia ya kupitisha faili kubwa, inafaa kujiuliza kama lilikuwa na sababu ya kuwa kubwa. Mengi tunayoletewa hayakuwa nayo. Mfano wa kawaida ni taarifa ya kurasa 30 iliyoandikwa vizuri kwenye Word, ikachapwa, mkuu wa idara akaweka sahihi na muhuri katika ukurasa wa mwisho, kisha kurasa zote 30 zikapelekwa steshenari kuskaniwa kwa rangi. Kilichokuwa maandishi mepesi sasa ni picha 30. Faili limekua mara nyingi, na kwa kuwa kompyuta haioni tena maneno bali picha ya maneno, anayelipokea hawezi kutafuta neno wala kunakili takwimu kutoka kwenye jedwali. Njia iliyo bora ni kuihifadhi taarifa kama PDF moja kwa moja kutoka Word, kuskani ukurasa ule mmoja wenye sahihi na muhuri, kisha kuziunganisha sehemu hizo mbili kwa programu ya kuunganisha PDF. Utaratibu wetu wa mihuri si wa kulaumiwa hapa, kwani muhuri hauhitaji kusindikizwa na picha za kurasa 29 ambazo haukugusa.

Palipo na ulazima wa kuskani kurasa nyingi, mathalani vyeti, stakabadhi za malipo au mihutasari ya vikao iliyoandikwa kwa mkono, mpangilio wa skana ndio unaoamua ukubwa. Ukurasa wa A4 ukiskaniwa kwa rangi kwa nukta 300 kwa inchi huwa na pikseli 2,480 kwa 3,508, yaani zaidi ya milioni 8.6, na kila pikseli huhitaji baiti 3 za rangi, hivyo kabla ya kubanwa ukurasa huo mmoja ni mzigo wa MB 26. Ukishusha hadi nukta 150 kwa inchi, mzigo hupungua hadi robo, yaani MB 6.5, na maandishi ya kawaida bado husomeka bila taabu. Ukibaki na nukta 300 lakini ukachagua nyeusi na nyeupe tupu, hufika kama MB 1 tu. Skana hubana picha kabla ya kuihifadhi, kwa hiyo faili utakalolipata ni dogo kuliko takwimu hizi, lakini tofauti ya mwanzo huendelea kuonekana hadi mwisho. Kwa hiyo mwambie kijana wa steshenari unachotaka kabla hajaanza: nukta 150, PDF moja, na rangi kwa kurasa zenye muhuri peke yake, kwa kuwa wapokeaji wengi huangalia rangi ya wino ili kujiridhisha kwamba nakala imetoka kwenye waraka halisi.

Picha zilizobandikwa ndani ya Word au PowerPoint nazo huongeza uzito kimyakimya. Picha ya simu yenye pikseli milioni 12 ikipunguzwa kwa kuvutwa pembe mpaka itoshe robo ya ukurasa, haijapungua chochote ndani ya faili. Imepungua machoni tu. Programu hizo zina kitufe cha kubana picha, kinachopatikana ukibofya picha na kufungua sehemu ya muundo wa picha, na hapo unaweza kuchagua nukta 150 kwa inchi. Chagua pia kufuta sehemu zilizokatwa. Usipofanya hivyo, kipande cha picha ulichokikata hubaki kimefichwa ndani ya faili, na mpokeaji mwenye ujuzi kidogo anaweza kukirudisha. Nimewahi kuona taarifa ambayo mtoto alikatwa kwenye picha ili asitambulike, kumbe bado yumo.

Wapo wanaodhani kwamba kufunga faili kwa zipu huponya kila kitu. Muundo wa ZIP, ulioletwa na Phil Katz mwaka 1989, hufanya kazi kwa kutafuta vipande vinavyojirudia na kuviandika kwa ufupi. Maandishi matupu na majedwali ya CSV, yaani yaliyohifadhiwa kama maandishi matupu, hupungua sana kwa njia hiyo. Lakini picha za JPEG, video za MP4 na hata mafaili ya sasa ya Word, ambayo kwa undani wake yamekwisha kufungwa kwa ZIP, hayapungui kwa kiasi cha maana, kwa sababu yamebanwa tayari. Ni kama dagaa wa Ukerewe waliokauka kwenye kichanja: kuwaanika siku ya pili hakuwapunguzii uzito. Faida ya zipu inayobaki kwa mafaili kama hayo ni kuyaweka pamoja, ili picha 40 zifike kama kifurushi kimoja na zisipotee njiani katika barua pepe sita. Mafaili ya programu, yale yenye mwisho wa .exe, hayaokolewi na zipu hata kidogo, maana Gmail huyazuia hata yakiwa ndani yake.

Faili likishapunguzwa kadiri inavyowezekana na bado likazidi, liweke mahali pengine mtandaoni, kwenye kinachoitwa hifadhi ya wingu, na utume kiungo, yaani anwani ya kulifungulia. Mfanyabiashara anayepeleka mzigo kwa meli haubebi begani mpaka kwa mteja. Mzigo hukabidhiwa bandarini, naye hupeleka stakabadhi ambayo mteja ataitumia kuuchukua. Kiungo ndiyo stakabadhi hiyo. Google humpa mtumiaji GB 15 bila malipo, zinazogawanywa kati ya Gmail, Drive na picha. OneDrive ya Microsoft hutoa GB 5, na Dropbox GB 2. Ukijaribu kuambatisha kwenye Gmail faili linalozidi MB 25, lenyewe huwekwa Drive na kiungo hujiandika ndani ya ujumbe. Wanaotumia barua pepe ya iCloud wana huduma ya Mail Drop, inayopokea hadi GB 5 na kukiweka kiungo hai kwa siku 30.

Njia hii ina ubora mwingine kwa sisi ambao mtandao wetu hauna uhakika wa kutulia. Video ya MB 400 ni sawa na megabiti 3,200, kwa kuwa kila baiti ni biti 8, na kwa kasi ya kupakia ya megabiti 2 kwa sekunde itahitaji kama dakika 27. Ndani ya dakika hizo umeme unaweza kukatika au kifurushi kuisha. Kiambatisho cha barua pepe kikikatika kwa kawaida huanza upya, ilhali programu nyingi za hifadhi ya wingu huendelea pale zilipoishia. Katika ujumbe wenyewe andika jina la faili, ukubwa wake na tarehe ambayo kiungo kitakoma kufanya kazi. Watu wameonywa mara nyingi, na kwa haki kabisa, wasibofye viungo wasivyovijua, kwa hiyo kiungo kilichotumwa peke yake bila maelezo kinastahili kutiliwa shaka.

Jambo ambalo ningeomba lizingatiwe kuliko mengine ni ruhusa. Hifadhi za wingu hukuuliza kama kiungo kifunguliwe na watu uliowataja kwa anwani zao au na yeyote atakayekuwa nacho, na wengi huchagua hilo la pili kwa sababu halina usumbufu. Miaka kadhaa iliyopita mimi mwenyewe nilituma kiungo cha folda nzima nikidhani nimetuma cha faili moja, na nilijua kosa langu pale mtumishi wa taasisi niliyoiandikia aliponipigia simu kuuliza kwa nini anaona pia orodha ya mishahara. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawataka wanaoshika taarifa za watu wazilinde zisivuje. Sheria hiyo ina masharti pia kuhusu kusafirisha taarifa binafsi nje ya nchi, na hifadhi nyingi za wingu huweka mafaili kwenye seva zilizoko nje. Majina ya wagonjwa, matokeo ya wanafunzi na namba za vitambulisho visipakiwe kwenye akaunti binafsi ya mtumishi. Muulize kwanza mkuu wa TEHAMA wa taasisi yako ni hifadhi gani imeidhinishwa. Faili likihitaji nenosiri, lifunge, na nenosiri hilo ulipeleke kwa simu au ujumbe mfupi, kamwe siyo ndani ya barua pepe ileile. Mjulishe mpokeaji mapema, kwa kuwa baadhi ya seva hukataa mafaili yaliyofungwa ambayo haziwezi kuyakagua.

Wapo watakaouliza kuhusu WhatsApp, ambayo tangu mwaka 2022 hupokea faili la hadi GB 2. Kwa picha inayohitajika haraka inafaa, mradi uitume kama waraka, vinginevyo hupunguzwa ubora. Kwa taarifa ya ofisi siipendekezi: mtumishi akibadilisha simu au kuhamishwa, kumbukumbu huondoka naye. Kuhusu kuligawa faili vipande kwa programu kama 7-Zip, inawezekana, lakini kipande kimoja kikipotea vilivyobaki havifunguki, na sijawahi kukutana na mpokeaji aliyefurahia kupokea vipande tisa.

Ipo mizigo ambayo hata kiungo hakiifai. Mpimaji aliyepiga picha za droni Ukerewe na kupata GB 60 atahitaji, kwa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde, zaidi ya saa 26 za kupakia bila kukatika, wakati mtu aliyepanda meli Nansio, bandari ya Ukerewe, asubuhi akiwa na diski mfukoni huwa Mwanza kabla ya jioni. Diski hiyo ifungwe kwa nenosiri, nakala nyingine ibaki Nansio mpaka upande wa Mwanza uthibitishe kwamba mafaili yamefunguka yote, na barua pepe ya mistari mitano itangulie kueleza ni nani ameibeba diski, ina mafaili mangapi, na jumla yake ni GB ngapi, ili anayeipokea aweze kuhesabu.