Unachanganya kemo na mitishamba? Njoo na hiyo chupa kwanza

Swali linakuja dirishani kwangu kwa sura tofauti tofauti lakini ni lilelile, mwingine ana majani ya mstafeli, mwingine habasoda, mwingine unga wa mlonge, mwingine kopo la saplimenti ametumiwa na mwanae kutoka Muscat, na karibu wote wanauliza kwa sauti ya chini kama vile wanaulizia kitu cha magendo: "dokta, hii naweza kunywa na kemo?" Mimi si dokta, ni mfamasia wa dawa za saratani, hizo mnazoziita kemo, hapa Dar, ila nishachoka kusahihisha, niite unavyotaka mradi uniulize.

Maana wanaoniuliza hawanipi shida, wasiouliza ndo wananipa shida.

Kwanza tuelewane kitu kimoja, watu wanadhani sisi wa hospitali tunachukia miti. Hapana jamani. Paklitakseli, ile dripu ambayo kina mama wengi wa saratani ya matiti wanaijua kwa ganzi za vidole, asili yake ni gome la mti wa huko magharibi mwa Marekani, watafiti walilichukua 1962 na ikapita miaka kama 30 ya kuchuja, kupima na kubishana mpaka ikaruhusiwa kutumika kwa wagonjwa. Na hapa kwetu tiba asili siyo kitu cha kujificha, tuna sheria ya tiba asili na tiba mbadala ya 2002, kuna baraza linalosajili waganga, na Muhimbili kuna taasisi nzima inayochunguza dawa za asili. Kwa hiyo mtu akikwambia ni vita ya mti na hospitali achana naye.

Hatari kubwa kwangu mimi siyo hata sumu ya mti wenyewe, ni kile ambacho mti unakisukuma pembeni. Kuna tafiti mbili za Marekani zilitoka 2018, kutoka kwa watafiti walewale, nazipenda kwa sababu zinajibu maswali mawili tofauti ambayo watu huwa wanayachanganya. Ya kwanza iliangalia watu waliochagua tiba mbadala peke yake, wakaacha upasuaji, kemo, mionzi, vyote. Kwa saratani ya matiti hatari yao ya kufa ilikuwa zaidi ya mara 5 ya wale waliotibiwa kawaida. Hiyo wengi wangeitarajia. Sasa ya pili ndo yenye somo, iliangalia watu wa saratani za matiti, tezi dume, mapafu na utumbo ambao walikubali angalau tiba moja ya hospitali na juu yake wakaongeza tiba mbadala, yaani wale wanaosema "mimi natumia zote mbili". Nao hatari yao ya kufa ilikuwa mara 2. Lakini walipochimba ndani wakakuta hawa watu walikuwa wanakataa vipande vya matibabu, asilimia 34 walikataa kemo wakati kwa wengine ilikuwa kama 3, mionzi asilimia 53 walikataa kwa 2 tu, na dawa za homoni vilevile. Wakishaweka hilo kwenye hesabu ile tofauti ya vifo inapotea. Unaona? Majani hayakuwaua, walikufa kwa kuruka tiba huku wakijihesabu kuwa wako kwenye tiba.

Na hiyo naiona hapa kila siku. Mama anafanyiwa upasuaji vizuri, uvimbe umetoka, anajisikia mzima, anaambiwa kuna kemo halafu mionzi, halafu anakuja shangazi mtu na dumu la lita tano anasema hii imemponya fulani wa Mkuranga, sasa mama anajiambia ngoja nimalize dumu kwanza kemo nitaenda mwezi ujao. Mwezi ujao unakuwa miezi. Wengi wetu tunafika hospitali hatua ya tatu au ya nne, huo muda wa kusubiri dumu hatuna. Mnakumbuka 2011 Loliondo, kikombe cha dawa ya mti cha Babu pale Samunge, shilingi 500, foleni ya magari kilomita na kilomita, na wapo waliotoka kwenye vitanda vya hospitali na wapo walioacha ARV. Kikombe chenyewe labda hakikumdhuru mtu, kuacha dawa ndo kulidhuru.

Haya, tuseme hujaacha kitu, unatumia zote kwa nidhamu. Hapo ndo inakuja kazi yangu sasa.

Tamoksifeni, dawa ya homoni ya saratani ya matiti. Hicho kidonge cha kila siku ambacho utakimeza miaka 5 mpaka 10 ni kama mchele, ukikimeza kinaingia kibichi, ini ndo linakipika kuwa kitu kinachoitwa endoksifeni na hicho ndo kinafanya kazi kubwa. Sasa kuna vitu vinaingilia lile jiko. Waholanzi walitoa utafiti 2019, mdogo tu, waliwapa wanawake wanaotumia tamoksifeni vidonge vya bizari ya manjano vyenye dozi kubwa pamoja na kiini cha pilipili manga, endoksifeni kwenye damu ikashuka kwa kama asilimia 12. Sasa kabla hamjatupa bizari yote jikoni, hiyo ni dozi ya kopo siyo ya mchuzi. Pilau lako kula. Ila yale makopo ya manjano yanayouzwa Instagram, ambayo mengi yameongezewa pilipili manga makusudi ili mwili uyanyonye vizuri, hayo na tamoksifeni hapana. Kuna na mmea wa Ulaya unauzwa kwenye saplimenti za kuondoa mawazo, kwenye kopo utakuta jina Hypericum, huo ni mbaya zaidi, unaliamsha ini likaanza kufyeka dawa kibao zikiwemo za saratani. Na balungi usile kama dawa wakati wa kemo mpaka uulize, lenyewe linafanya kinyume, linazuia kazi ya kuvunja dawa, hasa kwenye utumbo, dawa zikalundikana.

Mstafeli najua mtanichukia. Tunda kula kawaida, lakini majani ya kuchemsha kila siku miezi na miezi siyashauri hasa kwa aliye kwenye paklitakseli, kwa sababu mmea ule una kemikali inayodhuru mishipa ya fahamu na visiwa vya Karibi kuna watu wanaotumia sana matunda na chai yake ambao walikutwa na ugonjwa unaofanana na Parkinson. Wewe tayari vidole vinakufa ganzi kwa dripu halafu unaongeza juu. Ile habari kwamba mstafeli unaua saratani mara elfu kumi kuliko kemo ni seli za kwenye sahani za maabara, kwenye sahani hata jiki inaua seli za saratani.

Tukiwa kwenye ganzi, kuna saplimenti inaitwa asetili-L-kanitini, inauzwa kama dawa ya mishipa. Waliijaribu Marekani kwa wanawake zaidi ya 400 wa saratani ya matiti waliokuwa kwenye dawa za kundi hilohilo la paklitakseli, majibu yakatoka 2013, waliopewa saplimenti ganzi ilikuwa mbaya zaidi kuliko waliopewa kidonge kitupu. Yaani kitu cha "kulinda mishipa". Ndo maana neno "asilia" kwenye lebo halinishtui wala halinifurahishi. Na vidonge vya vitamini vya dozi kubwa, vile vya antioksidanti vinavyosemwa kulinda seli, utafiti wa 2020 wa wanawake waliovimeza kabla na wakati wa kemo ulionyesha dalili ya saratani kurudi zaidi, siyo ushahidi wa mwisho lakini mimi ningekwambia subiri kemo iishe, machungwa na mchicha vinakutosha.

Sasa hijama, yaani kuumikwa, na kuchanjwa chale. Sina ugomvi na hijama kwa mtu mzima wa afya, ila wewe uliye kwenye kemo chembe nyeupe zako za damu, wale askari wa mwili, zinashuka chini kabisa kama siku ya 7 mpaka 14 baada ya dripu, ngozi ikikatwa wakati huo kidudu kidogo tu kinaweza kukulaza. Na mkono wa upande uliotolewa tezi za kwapani usichanjwe chale, usiumikwe, ukivimba ule kurudi kwake ni shughuli. Dawa za kubandika juu ya uvimbe ndo kabisa usithubutu, zinachoma ngozi, linakuwa donda, na daktari wa upasuaji anashindwa pa kukata. Joto likifika 38 uko kwenye kemo, usichemshe mwarobaini, njoo hospitali usiku huohuo.

Vipo vinavyosaidia kweli na watu hawaviamini kwa sababu havina stori. Tangawizi, kuna utafiti wa wagonjwa 576, wengi wao wa saratani ya matiti, uliotoka 2012, nusu gramu mpaka gramu moja kwa siku ilipunguza kichefuchefu cha siku ya kwanza, na walianza siku 3 kabla ya dripu, na dawa ya hospitali ya kuzuia kutapika waliendelea nayo. Gramu moja ni kama nusu kijiko cha chai cha unga. Kama unatumia dawa za kuyeyusha damu au chembe sahani, zile za kugandisha damu, zimeshuka niambie kwanza. Kutembea, jamani kutembea! Uchovu wa kemo haushindwi na kulala, mwongozo wa madaktari wa saratani Marekani wa 2022 unashauri mazoezi wakati wa matibabu yenyewe, sasa kwetu mgonjwa akisimama kufagia uwanja ukoo mzima unampigia kelele akalale. Mwacheni afagie. Kwa wanaotumia letrozoli au anastrozoli, vidonge vya homoni vya saratani ya matiti, na viungo vinauma, sindano za Kichina za kuchomwa kwenye ngozi (akupancha) zina ushahidi mzuri, mradi sindano ni mpya na siyo kwenye mkono ule uliotolewa tezi. Sala, dhikri, kwaya, mazoezi ya kupumua, mtu wa kuongea naye, hivyo endelea navyo bila kuniuliza, ila ukiambiwa na yeyote kwamba imani inataka uache dripu hapo nipigie.

Gel ya aloe vera kwenye ngozi ya mionzi haijaonyesha kuzuia kuungua, na maji machungu ya shubiri ya kunywa yanaharisha, mtu wa kemo kuharisha siyo jambo dogo. Soya ya kwenye chakula haina tatizo, kula. Uji wa lishe kunywa, juisi iwe ya matunda uliyoosha na kumenya mwenyewe siyo ya barabarani.

Ukija kliniki njoo na chupa yenyewe au kopo, siyo jina, maana "dawa ya wazee" haipo kwenye kompyuta yangu. Kama ni majani chukua na machache makavu, niambie unakunywa kiasi gani, tangu lini, na siku gani kulingana na dripu. Na kama mama mkwe ndo aliyeleta na unaogopa kumkatalia njoo naye, nimeshaongea na mama wakwe wengi, nikimwambia "mama, hii tuiweke mpaka amalize dripu ya mwisho halafu tuiangalie" huwa anaelewa kuliko ukimwambia wewe. Saratani ya shingo ya kizazi mmeniuliza sana kwenye inbox, nayo ina mambo yake ya mionzi, nitaiandikia yake.