Mshauri wa nyumba hakutozi hata senti: uongo tunaoambiana kuhusu kubadilishiwa masharti ya mogeji Marekani

Hapa Texas, nyumba za watu walioshindwa kulipa mogeji, yaani mkopo wa kununulia nyumba, hupigwa mnada Jumanne ya kwanza ya mwezi, kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Sheria inataka mwenye nyumba aandikiwe barua angalau siku 21 kabla. Kazi yangu ni kuwakalimania Wakongo, Wakenya na Watanzania wanaokwenda kumwona mshauri wa nyumba, na barua hiyo nimeipokea mara nyingi ikiwa bado haijafunguliwa. Watu huiogopa, na hofu hiyo hukuzwa na maneno tunayopeana baada ya ibada, misibani na kwenye magrupu ya WhatsApp. Nayajibu yale ninayoyasikia zaidi.

"Cha bure hakina maana. Heri nimlipe mtu anayejua kazi."

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Mama mmoja anayefanya kazi ya kutunza wazee alimlipa "mtaalamu" dola 2,500, akaahidiwa kwamba riba yake itashuka. Aliambiwa asipokee simu za benki kwa kuwa kila kitu kinashughulikiwa. Miezi mitatu baadaye ile namba ikawa haipatikani, na maombi yake hayakuwa yamepelekwa popote.

Mashirika yaliyoidhinishwa na Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji ya Marekani, inayojulikana kama HUD, humsaidia bure mtu aliye katika hatari ya kupoteza nyumba. Huduma hii ina msingi katika sheria ya mwaka 1968, na washauri wake hufanya mtihani maalumu wa HUD kabla ya kuruhusiwa kazi. Ukipiga 800-569-4287 utaelekezwa kwa shirika lililo karibu nawe. Upande wa pili, tangu 2011 kampuni za kuombea watu nafuu ya mogeji haziruhusiwi kuchukua pesa kabla mteja hajapata pendekezo la maandishi kutoka kwa mkopeshaji na kulikubali. Mawakili pekee wanaweza kusamehewa katazo hilo, nako kwa masharti. Kwa hiyo mtu anayetaka hela kwanza, anayekukataza kuzungumza na benki, anayetaka malipo ya mwezi yapitie kwake au anayekuletea hati ya nyumba usaini "kwa muda tu", mkimbie.

"Mshauri ataiamuru benki."

Hana uwezo huo. Mwenye kuamua ni mkopeshaji. Mshauri hukaa nawe mkapiga hesabu ya mapato na matumizi, hukuonyesha unaweza kuomba nini, hujaza fomu pamoja nawe, na ukimsainia idhini, yeye ndiye anayepiga simu kufuatilia. Kwa mtu ambaye Kiingereza cha benki kinamchanganya, hapo tu amepunguziwa mzigo mkubwa.

"Msaada uliisha enzi za Obama."

Ulioisha ni mpango mmoja wa serikali wa kubadilisha masharti ya mogeji, HAMP, uliofunga kupokea maombi mwishoni mwa 2016. Mikopo ya FHA, yaani yenye bima ya serikali, na ile iliyo chini ya Fannie Mae na Freddie Mac, kampuni kubwa zinazonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa wakopeshaji, ina mipango yake. Swali la kwanza la mshauri huwa hilo: mkopo wako ni wa aina gani?

"Lazima kwanza nidaiwe miezi minne."

Siku 120 zinatajwa kweli katika kanuni za shirikisho, ila maana yake imepinduliwa. Kwa kawaida, kampuni inayosimamia mkopo haitakiwi kuanzisha hatua za kunyang'anya nyumba kabla malipo hayajachelewa zaidi ya siku 120. Huo ni muda wa kutafuta suluhisho. Ukiutumia kusubiri, unaongeza deni na kuharibu rekodi yako ya mikopo. Unaweza kumwona mshauri hata kabla hujakosa malipo, mara tu unapopunguziwa saa kazini.

Kuna namba nyingine ya kukariri, 37. Maombi yaliyokamilika yakiifikia kampuni zaidi ya siku 37 kabla ya mnada, inapaswa kuyapitia ndani ya siku 30 na haitakiwi kuendelea na mnada kabla ya kuamua. Ila yawe yamekamilika. Mzee mmoja alirudishiwa maombi kwa sababu taarifa yake ya benki ilikuwa na kurasa sita na yeye alituma tano. Ya sita ilikuwa tupu, akaona haina haja. Mshauri aliitoa kwenye printa, ukurasa mweupe wenye namba tu chini, akautuma siku hiyohiyo. Tumeni kila ukurasa, ndugu zangu.

Na ile barua ya kueleza matatizo isiwe ndefu. Sisi huanza na salamu, tukasimulia tangu kambi ya wakimbizi. Wanachotaka kujua ni kilichotokea, kilitokea lini, na kwa nini sasa unaweza kulipa kiasi kilichopunguzwa.

"Wakikubali, deni la nyuma linafutwa."

Mara nyingi linaongezwa kwenye mkopo, au linawekwa pembeni likisubiri siku utakapouza au kumaliza. Kinachopungua ni malipo ya mwezi. Tuseme unadaiwa dola 240,000 kwa riba ya asilimia 6 na imebaki miaka 25: unalipa kama dola 1,546 kwa mwezi. Ukiongezewa muda hadi miaka 40 kwa riba ileile, unalipa kama 1,320. Hizo dola 226 ni chakula cha watoto, sizidharau. Lakini ukifika mwisho utakuwa umelipa karibu dola 170,000 zaidi. Mwombe mshauri akuandikie hesabu zote mbili kwenye karatasi moja kabla hujasaini. Na kumbuka kodi ya nyumba na bima: mabadiliko haya hayazipunguzi, na zikipanda, malipo yako yanapanda nazo.

"Nimeshapata barua ya kukubaliwa, nimemaliza."

Bado. Kwa kawaida kuna kipindi cha majaribio cha miezi mitatu, na kila malipo yafike kwa tarehe na kwa kiasi kilichoandikwa. Ukichelewa hata mara moja unaweza kuondolewa. Yule mama wa dola 2,500, safari hii akiwa na mshauri wa bure, alibandika risiti zote tatu kwenye daftari la shule la mwanawe. Mkataba wa mwisho ulipokuja, tuliusoma mstari kwa mstari, yeye kwa Kiswahili, mimi kwa Kiingereza. Kisha tukaenda naye posta kuutuma, akasubiri hadi akapewa namba ya kuufuatilia.