Kwa nini samaki wa tangini hufa umeme ukisharudi?

Umeme umekatika usiku, samaki wakavumilia mpaka alfajiri. Umerudi, pampu zinanguruma, mwenye tangi anashusha pumzi. Saa chache baadaye samaki wanaelea matumbo juu. Imekuwaje wafe sasa, na giza wamelipita salama?

Kitazame kilicho ndani ya filta, chombo kinachochuja maji ya tangi. Sponji na vijiwe vyake vimejaa bakteria wanaogeuza amonia, sumu inayotoka kwenye kinyesi na matamvua ya samaki, iwe nitriti, kisha nitrati isiyo na madhara makubwa. Bakteria hao wanaishi kwa oksijeni inayoletwa na maji yanayopita. Pampu ikisimama, maji yaliyofungika mle huishiwa oksijeni, bakteria hufa, uchafu huoza, na ukifungua kifuniko unakutana na harufu ya yai viza. Umeme ukirudi, pampu inausukuma uozo wote huo tangini kwa mkupuo mmoja.

Kwa hiyo umeme ukikawia zaidi ya saa moja au mbili, chomoa plagi ya filta isije ikajiwasha wewe umelala. Umeme ukirudi, mwaga maji yaliyomo ndani ya filta, suuza sponji kwa maji ya tangi lenyewe (ya bomba yakiwa na klorini humaliza bakteria waliobaki), ndipo uwashe. Filta za kopo lililofungwa ndizo za kuogopwa zaidi.

Wakati wa giza lenyewe adui ni kukosa hewa, na joto letu linazidisha. Lita ya maji yasiyo na chumvi, kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni. Kwenye nyuzi 30 ni kama 7.5 tu, na maji ya bahari hubeba pungufu ya hapo. Samaki naye kwenye joto huhitaji hewa zaidi. Ndiyo maana kukatika kwa umeme wakati wa kaskazi kunaua haraka. Unguja tunakumbuka Desemba 2009 hadi Machi 2010, hitilafu ya njia ya umeme wa chini ya bahari kutoka Bara ilipotuacha karibu miezi mitatu bila umeme wa gridi, tena katika joto kali la mwaka.

Ukiwaona wamepanda juu wanatweta, chota maji ya tangi kwa kikombe, uyamimine tena humo kutoka juu, urudie kila baada ya dakika chache. Oksijeni huingilia kwenye uso wa maji unaotikiswa. Chakula usiwape kabisa. Pampu ndogo ya betri ni ya kununua kabla ya hita; visiwani kwetu hita karibu haina kazi.

Kuna hatari nyingine, nayo ni yako wewe. Pampu ya hewa iliyowekwa chini ya usawa wa maji, ikizimika, maji yanaweza kurudi kwa mpira wake hadi ndani ya pampu, yakakutana na umeme unaporudi. Iweke juu ya tangi, au tia vali ya njia moja kwenye mpira. Kila waya uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, matone yadondokee sakafuni. Ekstensheni isilale chini ya tangi.

Samaki kuogelea kwa raha si ushahidi kwamba maji hayana umeme. Yeye hajagusa ardhi, umeme haupati njia ya kupita mwilini mwake. Wewe uliyetia mkono, miguu mitupu kwenye saruji iliyolowa, ndiye njia, na ni volti 230. Chomoa kila kitu kabla ya kutia mkono. Mwombe fundi akufungie swichi inayokata umeme ukivuja miliampea 30. Ikikata tena na tena usiilazimishe: chomoa vifaa vyote, kisha kwa mikono mikavu chomeka kimoja kimoja mpaka ukipate kinachovuja.