Kolera tunainywa, BCG tunachomwa: mlango wa chanjo una kazi gani?

Kwenye foleni ya chanjo ya kolera hapa Goma, swali linalorudi ni hili: "Hii ya kunywa tu, itakuwa na nguvu kama sindano?" Watu wengi wamezoea kwamba dawa ya kweli lazima iume kidogo. Kwa kolera mambo yamegeuka, na ukielewa kwa nini, utaelewa pia kwa nini BCG, chanjo ya kifua kikuu, lazima ibaki ndani ya ngozi bila kupita chini yake, na kwa nini barafu inaweza kuharibu chanjo kuliko jua.

Tuanze na mdudu mwenyewe. Vibrio, bakteria wa kolera, haiingii ndani ya damu. Inashuka na maji, ile inayoponea kwenye asidi ya tumbo inafika utumbo mwembamba, inajishikiza juu ya ukuta wake na kumwaga sumu hapo hapo. Mgonjwa anaweza kukauka kwa saa chache bila mdudu kuvuka ukuta hata kidogo. Sasa jiulize: kingamwili zilizojaa kwenye damu zitamfikiaje? Ziko upande wa pili. Zinazotakiwa ni zile zinazovushwa hadi kwenye ute wa utumbo, yaani kingamwili za aina ya IgA, ambazo huko husafiri mbilimbili zikiwa zimefungwa pamoja na kuzinasa vibrio kabla hazijagusa ukuta.

IgA hizo zinatengenezwa na chembe B (chembe za kinga zinazotoa kingamwili) zilizofundishwa palepale utumboni, kwenye mabaka ya Peyer, yaani vituo vya kinga vya ukuta wa utumbo. Juu ya mabaka hayo kuna chembe M, ambazo kazi yake ni kunyonya vipande vya kinachopita na kuvipitisha chini. Huko chini vinapokelewa na chembe dendriti, walimu wa kinga wanaozifundisha chembe nyingine. Chembe hizo za utumbo zina kitu ambacho wenzao wa mkono au paja hawana kwa wingi: zinageuza vitamini A kuwa asidi ya retinoiki. Asidi hiyo ndiyo inayoiandikia chembe B anwani, yaani alama mbili juu ya utando wake, alfa-4-beta-7 na CCR9. Chembe inatoka, inazunguka kwenye damu (ukipima damu karibu siku ya saba baada ya dozi unaikuta njiani), kisha inashuka pale tu mishipa ya utumbo inapokuwa na kishikio kinachofanana na alama zake. Panya wa maabara walionyimwa vitamini A kabisa hubaki na chembe chache sana za IgA utumboni. Chembe hazikosi kuzaliwa. Zinakosa anwani ya kwenda.

Chembe iliyofundishwa kwenye mitoki ya kwapa au kinena, baada ya sindano, haiandikiwi anwani hiyo. Inaishia kwenye uboho wa mifupa na kumwaga IgG, kingamwili ya aina nyingine, kwenye damu. Kwa pepopunda hiyo ni sawasawa kabisa, maana sumu yake inapita kwenye damu. Kwa kolera ni haba. Chanjo ya zamani ya kolera, ile ya sindano, ilikinga karibu nusu ya waliochomwa, tena kwa miezi michache, na ikawaachia mkono unaouma. Mwaka 1973 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliacha kudai cheti chake mipakani. Kolera ilipowalipukia wakimbizi hapa Goma Julai 1994, katika mwezi ambao watu karibu 50,000 walikufa, wengi wao kwa kuhara, sindano ile ilikuwa imeshaachwa.

Lakini kuna jambo ambalo vitabu vingi vinalipita haraka, na mimi naliona ndilo kubwa kuliko yote kwa watu wa hapa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1980 uliwachoma wanawake wa Sweden na wa Pakistan chanjo ileile ya sindano. Kwa Wapakistani, IgA ilipanda mpaka kwenye maziwa na mate. Kwa Waswidi haikupanda hivyo. Sindano ilikuwa moja, dozi moja, mlango mmoja. Tofauti ni kwamba utumbo wa wanawake wa Pakistan ulikuwa umeshaonja vibrio zamani, na chembe za kumbukumbu zenye anwani ya utumbo zilikuwa tayari zipo. Sindano haikuzifundisha upya, iliziamsha.

Chukua hiyo uilete Karisimbi au Nyiragongo, kanda za afya za Goma na pembeni yake. Mama wa miaka 35 aliyekunywa maji ya ziwa Kivu tangu utoto, katika mji ambao choo kinachimbwa kwenye jiwe la volkano na mara nyingi shimo haliendi chini sana, ana nafasi kubwa ya kuwa amekutana na vibrio, hata bila kuugua. Kwake dozi ya kwanza ni ukumbusho. Kwa mtoto wake wa mwaka mmoja na nusu, dozi hiyohiyo ni somo la kwanza, na somo la kwanza la chanjo iliyouawa (yenye vibrio zilizokufa) huwa dogo. Takwimu za Dhaka, Bangladesh, zilizotoka mwaka 2016, za dozi moja kufuatiliwa kwa miezi sita, zinasema hivyo waziwazi: kinga ya asilimia 40 kwa kolera yote na 63 kwa kolera ya kukausha sana, lakini kwa watoto wa chini ya miaka mitano ilikuwa asilimia 16 tu, namba ambayo kitakwimu haitofautiani na sifuri. Kolkata, India, waliopewa dozi mbili walikuwa na asilimia 65 kwa miaka mitano. Wale waliochanjwa kabla ya kutimiza miaka mitano, 42.

Tangu Oktoba 2022 milipuko inashughulikiwa kwa dozi moja kwa sababu chanjo haitoshi duniani. Mimi nakubali hesabu yake: dozi milioni moja kwa watu milioni moja inazima moto haraka kuliko kwa watu laki tano. Ila reko (mhudumu wa afya wa mtaa) anayepita nyumba kwa nyumba asimwambie mama kwamba mtoto wa miaka miwili "amemaliza". Dozi ya pili ikipatikana, siku 14 au zaidi baada ya ya kwanza, apewe. Ikichelewa miezi, hakuna kuanza upya.

Utumbo wenyewe nao una tabia

Chanjo ya mdomo inapitia nyumba ya watu wengine. Utumbo wa mtoto anayeishi penye uchafu umejaa bakteria mahali ambapo hawatakiwi kuwa wengi, vidole vidogo vya ukuta wake vinavyonyonya chakula vimefupika, ukuta umevimba kidogo muda wote. Chanjo inayoumia zaidi hapo ni ile hai, kwa sababu lazima iote kwanza ndipo ifundishe. CVD 103-HgR, vibrio hai iliyodhoofishwa, iliwakinga Wamarekani wa kujitolea kwa asilimia 90 walipojaribiwa siku ya kumi. Kaskazini ya Jakarta, Indonesia, kwa watu zaidi ya 67,000, ilitoa kama asilimia 14. Santiago, Chile, watoto waliokuwa na bakteria wengi kupita kiasi kwenye utumbo mwembamba waliitikia vibaya zaidi. Ecuador, watoto wenye minyoo ya askarisi waliopewa albendazole, dawa ya minyoo, kabla ya chanjo waliitikia vizuri kuliko ambao hawakupewa. Ukisoma karatasi ya dawa iliyojaribiwa Baltimore, Marekani, pekee, usiamini kwamba namba zake zitavuka ziwa.

Chanjo tunayotumia hapa imeuawa, kwa hiyo haina haja ya kuota, na antibiotiki aliyokunywa mtu jana haiiui mara ya pili. Hiyo ni faida kubwa katika mji ambao doksi (antibiotiki doxycycline) inauzwa kama karanga. Faida ya pili ni maji. Dukoral, chanjo nyingine ya kunywa, ina kipande B cha sumu ya kolera, protini inayovunjwa na asidi ya tumbo, kwa hiyo inanywewa na unga wa bikabonati kwenye mililita 150 za maji safi. Piga hesabu ya kambi ya watu 10,000: lita 1,500, bidoni 75 za lita 20, kwa kunywesha chanjo tu, mahali ambapo maji safi ndiyo yaliyokosekana. Chanjo ya aina ya Euvichol, ndiyo tunayotumia hapa, haina kipande hicho. Ina miili ya vibrio, na sukari ndefu ya ganda lao inavumilia asidi. Ndiyo maana inatosha mililita 1.5 bila unga wala maji.

Mililita 1.5 ni kidogo sana, na ndipo makosa yanapoingia. Dawa hutuama chini ya kamrija ka plastiki kanakoibeba, juu inabaki kama maji. Usipoitikisa vizuri, vibrio zinabaki zimeshika plastiki na mtoto anapewa maji yenye chumvi. Tikisa, pindua kichwa cha kamrija mpaka kikatike, mkalishe mtoto wima, minyia ndani ya shavu kidogo kidogo, siyo moja kwa moja kooni. Kisha tazama kamrija kwenye mwanga: kikibaki kitone, minya tena. Mtoto akipewa amelala chali, huku analia, nusu inatoka kwenye kona ya mdomo.

Kuhusu maziwa ya mama: Bangladesh walijaribu kuwazuia watoto kunyonya kwa muda wa saa tatu kabla ya Dukoral, na majibu yao yakapanda. IgA ya mama inainasa chanjo kama inavyomnasa mdudu. Kwenye foleni ya jua kali, hiyo isifanywe. Mtoto anayenyonya amekingwa na maziwa yenyewe, na Euvichol haitolewi kabla ya mwaka mmoja. Na mtoto mwenye bwaki (utapiamlo mkali) apewe chanjo kama wenzake; ataitikia pungufu kwa ile ya mdomo, lakini ndiye kolera itakayemuua kwanza.

BCG: milimita mbili zinazobadilisha kila kitu

BCG ya Calmette na Guérin ilianza kutolewa kwa mdomo, Paris, mwaka 1921. Siku hizi inakaa ndani ya ngozi, kwa sababu tabaka hilo limejaa chembe dendriti zinazobeba mdudu hadi mitoki ya kwapa na kufundisha chembe T, zile zinazopambana na chembe zenye mdudu ndani. Kingamwili haisaidii sana hapa. Kifua kikuu kinajificha ndani ya chembe.

Mtoto wa chini ya mwaka mmoja anapewa mililita 0.05, mkono wa kushoto, sehemu ya juu, chini ya bega. Upande wa ncha ya sindano uliokatwa mshazari utazame juu, pembe ndogo ya kama nyuzi 10 hadi 15, na uione sindano kama kivuli chini ya ngozi. Ukisukuma lazima kidole kisikie ukinzani, na kitokee kipele cheupe chenye vitundu kama ganda la chungwa. Dawa ikiteremka bila ukinzani, umeshapita chini ya ngozi. Chomoa kidogo kabla ya kuendelea, maana huko chini BCG huleta jipu na mitoki inayopasuka. Ikivuja, usirudie dozi. Kichupa kikishachanganywa, muda wa saa sita ukipita kinatupwa, hata kama kimebaki robo tatu. Watu wa hesabu hawaipendi sheria hiyo, lakini BCG haina kihifadhi, na bakteria wengine wakiingia humo wanaongezeka.

BCG pia inategemea mahali. Vijana wa Uingereza waliopewa BCG walionyesha ongezeko kubwa la majibu ya chembe T. Wa Malawi kidogo, kwa sababu walikuwa wameshazoeshwa na binamu za mdudu huyo waliomo kwenye udongo na maji. Goma iko chini ya nyuzi 2 kusini mwa ikweta, katika udongo wenye joto na unyevu, na dhidi ya kifua kikuu cha mapafu cha watu wazima BCG hapa haitegemewi. Kazi yake ni kuwakinga watoto na homa ya uti wa mgongo ya kifua kikuu, na ndiyo sababu inatolewa mapema baada ya kuzaliwa, kabla mazingira hayajafika. Mwaka 2020 nyani wa maabara waliochomwa BCG kwenye mshipa wa damu walikingwa tisa kati ya kumi. Wa ndani ya ngozi hawakufikia hapo. Mdudu yuleyule, mlango mwingine. Hakuna anayependekeza kumfanyia hivyo mtoto mchanga.

Pentavalente (chanjo ya magonjwa matano kwa pamoja) na nimokoki (chanjo ya bakteria wa nimonia) ni habari fupi: paja, upande wa nje, katikati, mililita 0.5, sindano ya milimita 25 wima mpaka msuli. Chumvi ya alumini ndani ya chanjo hizo ikibaki kwenye mafuta inaleta uvimbe mgumu. Makalio hayatumiki, kwa mshipa mkubwa wa fahamu na kwa mafuta. Na parasitamoli isitolewe kabla kama kinga ya homa: Jamhuri ya Cheki, mwaka 2009, watoto walioipewa hivyo walipata kingamwili pungufu kwa karibu kila chanjo ya bakteria iliyopimwa. Homa ikija kweli, ndipo itolewe.

Alumini hiyo haivumilii kuganda. Pakiti ya barafu ikitoka frigo moja kwa moja kwenye glasieri (sanduku la kubebea chanjo), chembechembe za alumini zinashikana na hazirudi kama zilivyokuwa. Acha pakiti hiyo itoke jasho, uitikise mpaka usikie maji yakicheza ndani, ndipo uipange. Ukishuku kichupa, gandisha kingine cha bechi hiyohiyo usiku kucha, kiyeyushe, tikisa vyote viwili kwa pamoja, uviweke kwenye meza. Ndani ya nusu saa kile kilichoganda kinatuama upesi na juu yake kunabaki maji maangavu. Cha kwako kikituama sawa na hicho, kitoe kwenye hesabu.