Mgahawa wa Kituruki: tazama jiko kabla ya menyu

Mtu wa Tanga akikaa mara ya kwanza kwenye meza ya Kituruki, lalamiko lake huwa moja: mbona hakuna viungo? Ni lalamiko la haki kwa mtu aliyelelewa na pilau la bizari, mdalasini, iliki na karafuu. Ila anaitafuta ladha mahali isipokaa. Mpishi wa Kituruki mara nyingi hutia chumvi, pilipili nyekundu ya chenga, pengine nanaa kavu na nyanya ya kopo, akaishia hapo. Kazi iliyobaki huwaachia mafuta ya kondoo, makaa na mkate. Kwa hiyo mgahawa wa namna hii, hata ukiwa chumba kimoja chenye meza nne, mimi naupima kwa jiko lake. Menyu hufuata.

Majina yasikutishe. Herufi c husomwa kama j yetu, ç kama ch, na ş kama sh. Ukishajua hilo, nusu ya menyu utaitambua: çay ni chai, pilav ni pilau, helva ni haluwa, köfte ni kofta. Hata lahmacun, ule mkate mwembamba uliopakwa nyama ya kusaga, umetokana na maneno ya Kiarabu ya nyama na unga uliokandwa. Neno la kuangalia ni kebabu. Kwetu pwani kebabu ni donge la nyama ya kusaga lililokaangwa. Kwa Waturuki kebap ni jina la ukoo mzima wa nyama, nyingi zikiwa za kuchoma. Ukiagiza "kebap" tu, hujaagiza kitu. Lazima useme ipi.

Tuanze na ule mnara wa nyama unaozunguka dirishani, kwa sababu ndio unaowavuta wengi. Döner maana yake ni "kinachozunguka", na shawarma tunayoijua sisi ni mtoto wake. Hata jina shawarma limetoka kwenye neno la Kituruki lenye maana ya kugeuza. Kuna döner ya aina mbili. Ya kwanza hupangwa kwa vipande vyembamba vya nyama vilivyolowekwa, kimoja juu ya kingine, na kila baada ya tabaka kadhaa huwekwa tabaka la mafuta ya mkia wa kondoo ili yayeyuke na kuteremka juu ya nyama. Ya pili ni nyama ya kusaga iliyoshindiliwa. Kuzitofautisha ni rahisi: ya vipande ina kingo zisizo sawa na mistari ya mafuta inayoonekana, ya kusaga ni laini pande zote kama bomba. Ya kusaga si haramu, ila haistahili kuuzwa kwa bei ya ile ya vipande.

Mkataji mzuri huchukua ngozi ya nje tu iliyoiva, nyembamba, kwa kisu kirefu kinachoshuka kutoka juu hadi chini. Kipande chako kiwe na ukingo wa kahawia unaokwaruza kidogo kwenye ulimi. Kikiwa cheupe na kinatoa mvuke, amekata mapema kwa kukimbizana na foleni. Kikiwa kikavu kama kamba, moto umewaka muda mrefu bila wateja. Ndiyo maana döner huliwa vizuri zaidi saa za watu wengi, baada ya Isha kwa mfano, kuliko saa tisa alasiri mgahawa ukiwa mtupu.

Hapa nasisitiza jambo la usalama. Ndani ya ule mnara kuna nyama mbichi siku nzima. Vijidudu huzaana kati ya nyuzi joto 5 na 60 za Selsiasi, na joto la pwani huwa katikati ya hapo. Umeme ukikatika, au jiko likizimwa usiku na nyama ikaachwa kwenye chuma hadi kesho, ule si upishi tena. Mnara hupangwa wa kutosha siku moja. Kinachobaki hukatwa chote, huivishwa na kuingia kwenye friji. Ukiingia asubuhi ukaukuta mnara uliokwisha kulika nusu, wenye ngozi nyeusi iliyopoa, uliza umepangwa lini. Jibu likisitasita, agiza supu ya adesi nyekundu. Supu hiyo, mercimek, huwa salama, na kwa limau na pilipili inaridhisha kweli.

Sasa Adana, ambayo kwangu ndiyo mtihani wa mpishi. Jina ni la mji wa kusini mwa Uturuki. Ni nyama ya kondoo iliyokatwakatwa kwa kisu kikubwa chenye makali ya mviringo, ikashikizwa kwenye chuma kipana na kuchomwa juu ya makaa. Nyama sehemu tano, mafuta ya mkia sehemu moja: hicho ndicho kiasi. Ukikipunguza ukidhani unaokoa afya ya mteja, utampa kijiti cha vumbi. Ndugu yake Urfa hutengenezwa vivyo hivyo bila ukali wa pilipili, kwa hiyo mwagizie mtoto au mzee.

Kwa anayetaka kuijaribu nyumbani, kilo moja inakwenda hivi. Gramu 830 za nyama ya kondoo ya bega na mbavu, gramu 170 za mafuta ya mkia, chumvi gramu 15, pilipili nyekundu kavu ya chenga vijiko viwili vya chakula, na pilipili hoho nyekundu moja iliyokatwa ndogo sana kisha ikakamuliwa maji yote. Kondoo wa Kimasai ana mkia wenye mafuta, basi mwambie mwenye bucha akuwekee mapema. Mbuzi peke yake ni mkavu mno. Ukikosa mkia, tumia mafuta ya kifua cha ng'ombe. Yale yanayozunguka figo usiyaguse, maana huganda kwenye paa la mdomo kabla hujameza. Kata kwa kisu kizito au saga mara moja tu kwa tundu kubwa, nyama ikiwa baridi. Mashine ikipata joto huyapaka mafuta kwenye nyama badala ya kuyaacha vipande, na utamu wote hutiririkia kwenye makaa.

Tia chumvi, kanda kwa mkono dakika tano hadi nyama ianze kunata kwenye kiganja. Pumzisha kwenye friji saa mbili au zaidi. Chuma kiwe bapa, upana wa sentimita 2 hadi 3. Lowesha mkono, shika donge la gramu 150 hivi, livute juu ya chuma na ulibane kwa vidole ili libaki na mabonde madogo.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni kwa nini nyama inadondoka. Sababu ni nne, na karibu kila mara ni mojawapo: nyama ilipata joto kabla ya kufika jikoni, haikukandwa na chumvi vya kutosha, imetiwa kitunguu chenye maji, au chuma ni kile cha duara cha mishkaki. Chuma cha mishkaki hutoboa kipande kizima, kikashika. Nyama ya kusaga haitoboki, inavikwa tu. Ukigeuza chuma cha duara, chuma kinazunguka peke yake na nyama inabaki palepale mpaka ipasuke.

Makaa yawe mekundu yaliyoshika jivu jeupe, bila ulimi wa moto, na nyama ikae juu yake kama sentimita 10. Vifuu vya nazi vinafaa kuwashia tu, maana hushika upesi na kufa upesi. Kazi yenyewe ifanywe na mkaa wa mti mgumu. Mafuta yakidondoka moto utaruka, na nyama itavaa masizi machungu. Mpishi anayejua huisogeza nyama pembeni, hapepei. Ukimwona mtu anapepea kwa nguvu huku nyama iko juu na ndimi zinailamba, hapo umeshaijua ladha ya sahani yako. Geuza mara ya kwanza baada ya dakika moja hivi, pande zote zishikane, kisha endelea kugeuza mara kwa mara. Dakika 6 hadi 8 zinatosha.

Halafu mkate, na hapa ndipo wengi wanapopoteza. Mchomaji hulaza mkate mwembamba, lavaş, juu ya nyama ikiwa bado motoni, huukandamiza, huurudisha, mpaka unywe mafuta. Mkate huo ndio mchuzi wako. Usiuache pembeni ukisubiri wali. Chapati haiwezi kazi hii kwa kuwa tayari imeshiba mafuta yake. Mkate wa mofa uko karibu zaidi. Kunja nyama ndani pamoja na kitunguu kilichosuguliwa kwa chumvi na kunyunyiziwa sumak, unga mwekundu mchachu wa matunda ya kichaka. Sumak isipopatikana, limau na majani ya kotimiri vinaokoa. Pilipili ya kupondwa na nyanya, ezme, huja mezani nayo. Kama unakula sana, kwao ni kawaida kuagiza porsheni moja na nusu: bir buçuk.

Wali wao ni mweupe na ndivyo ulivyo. Tambi fupi hukaangwa kwenye siagi mpaka ziwe kahawia, mchele ulioroweshwa nusu saa hufuata, kikombe kimoja kwa kikombe kimoja na nusu cha supu. Ukishakauka, kitambaa huwekwa chini ya kifuniko kwa dakika 15 kunyonya mvuke. Wali ukishikana kama bokoboko, kitambaa kilisahauliwa.

Cha kunywa na nyama yenye mafuta ni ayran: mtindi, maji na chumvi. Tanga maziwa si tatizo, lakini mtindi wetu mwingi hugandishwa kwa joto la kawaida na ni mwepesi. Wa Kituruki hugandishwa maziwa yakiwa na nyuzi joto 43 hadi 45, ukawa mzito. Ukitumia wa kwetu, uning'inize kwenye kitambaa cha shashi ndani ya friji saa tatu nne kwanza. Vikombe viwili vya mtindi, kimoja cha maji baridi, robo kijiko cha chai cha chumvi, piga mpaka povu lisimame. Sukari isiingie humo.

Kitindamlo cha kuagiza ni künefe: nyuzi za unga, jibini isiyo na chumvi, shira juu. Iagize pamoja na nyama, kwa kuwa hupikwa papo hapo na lazima iliwe ya moto, jibini ingali inavutika. Baklava nzuri hulia chini ya uma. Unyevu wa bahari ni adui yake, na friji ni adui mkubwa zaidi. Ihifadhiwe kwenye chombo kilichofunikwa, mahali pakavu.

Chai huja baada ya yote, nyekundu, bila maziwa, kwenye bilauri ndogo yenye kiuno. Hupikwa kwa birika mbili: ya chini ina maji, ya juu ina rangi kali iliyokaa dakika 15. Humiminwa theluthi ya rangi, iliyobaki maji ya moto. Ukitaka nyepesi sema "açık", nzito "koyu". Ukiitengeneza kwa majani ya chenga ndogo yanayouzwa madukani kwetu, dakika 5 zinatosha, zaidi ya hapo itauma ulimi. Shika bilauri ukingoni, si kiunoni.

Ukichagua kahawa, usiingoje kama kahawa chungu ya barazani inayotoka kwenye dele ikiwa imetulia. Yao hupikwa na unga wake na kumiminwa nao. Sukari huingia kabla ya kuchemka, kwa hiyo iseme wakati wa kuagiza: "sade" bila sukari, "orta" ya kiasi, "şekerli" tamu. Ikifika usikoroge. Isubiri dakika mbili machicha yatulie, inywe kwa vifundo vidogo, na ulimi ukigusa ule udongo mwororo chini, kiweke kikombe kisahanini.