Jua Lisilo na Haraka: Kupiga Picha za Machipuko Kaskazini mwa Norwei

Wengi wanaoniuliza kuhusu kupiga picha Tromsø, mji wa kaskazini mwa Norwei, wanataka taa za kaskazini, zile za kijani angani usiku wa Desemba. Mimi huwaambia waje Machi au Aprili, na waje kwa ajili ya mchana.

Hesabu yenyewe ni hii. Dar es Salaam au Mombasa, jua likishafika nyuzi sita juu ya upeo wa macho, limebakiza dakika 24 hivi kabla ya kuzama, kwa sababu karibu na ikweta linashuka wima. Ukichelewa kubadilisha lenzi, basi tena. Tromsø iko karibu latitudo 70 kaskazini, na huko jua la mwishoni mwa Machi hushuka kwa mshazari mkubwa: nyuzi hizohizo sita hulichukua dakika 70 hivi. Likishazama, nuru ya buluu na waridi hubaki angani dakika nyingine 70. Jumlisha mapambazuko na machweo, unapata zaidi ya saa nne na nusu za mwanga laini kwa siku. Kwetu ni kama saa moja na nusu.

Na hata kinachobaki katikati si jua la utosi. Siku ile ya Machi ambayo mchana na usiku vinalingana, jua la adhuhuri Tromsø hupanda nyuzi 20 tu. Jua la nyumbani hupita kimo hicho dakika 80 hivi baada ya kuchomoza, likaendelea kupanda mpaka sisi wapiga picha tukatafuta kivuli na chai. La kaskazini likifika hapo linageuka. Kwa maneno mengine, mchana kutwa unapewa mwanga wa asubuhi ya kwetu.

Jua la chini lina gharama yake. Mlima wa mita 1,000 hutupa kivuli cha karibu kilomita tatu adhuhuri, na fiodi, yaani mikono mirefu ya bahari iliyoingia kati ya milima, zimezungukwa na milima ya namna hiyo. Fiodi yenye ukuta upande wa kusini inaweza kukaa gizani kutwa nzima huku vilele vya upande wa pili vinawaka. Ndiyo maana napenda Ersfjordbotn, kwenye kisiwa cha Kvaløya: unasimama mwisho wa fiodi, maji yako mbele yako, na mlango wa bahari uko upande wa magharibi. Maji hayagandi, kwa kuwa mkondo wa joto wa Atlantiki unapita pwani hiyo, hivyo unapata bahari nyeusi chini ya milima myeupe. Utofauti huo ndio nusu ya picha.

Ila usiishike sehemu kama vile umeinunua. Jua huzama magharibi kabisa karibu na Machi 20. Mwezi mmoja baadaye huzama kaskazini-magharibi, na kufikia Mei 10 linakaribia kaskazini. Mchana huongezeka kwa dakika tisa hivi kila siku, baadaye zaidi ya kumi. Baada ya wiki ya mwisho ya Machi, anga halifikii tena giza kamili. Katikati ya Aprili waliokuja kwa taa za kaskazini wameshafunga mabegi. Na kuanzia karibu Mei 20 jua halizami kabisa mpaka Julai. Kwa hiyo ramani yako ya mwanga huchakaa ndani ya wiki moja. Programu kama PhotoPills hukuonyesha jua litakuwa wapi saa fulani, na kwa huku siihesabu kuwa anasa.

Neno machipuko pia lisikudanganye. Usitarajie maua. Theluji ya Tromsø huwa na kina kikubwa kuelekea mwisho wa Machi na Aprili, na rekodi ya mji, sentimita 240, ilipimwa Aprili 29, 1997. Wasami, wenyeji wa kaskazini hii, hugawa mwaka katika majira manane, na kipindi hiki wanakihesabu peke yake: si baridi kuu tena, wala si machipuko bado. Kwa mpiga picha mgawanyo wao una maana kuliko ule wa vipindi vinne.

Sasa theluji yenyewe. Theluji mpya hurudisha asilimia 80 hadi 90 ya mwanga unaoiangukia. Kamera haijui hilo. Kipimo chake cha mwanga kimetengenezwa kikiamini kwamba wastani wa dunia ni kijivu, kwa hiyo ukiilekeza kwenye uwanja mweupe, inapunguza mwanga mpaka weupe ugeuke rangi ya majivu. Dawa yake ni kuongeza kwa mkono: stopu moja hadi moja na nusu kwenye theluji yenye jua, pengine mbili kukiwa na mawingu. Kila stopu huongeza mwanga maradufu. Kisha tazama histogramu, yaani mchoro wa kamera unaoonyesha giza upande wa kushoto na weupe upande wa kulia, usiamini kioo cha nyuma, maana kwenye mng'ao ule hata picha iliyoungua huonekana giza. Mlima wa mchoro huo usogee kulia bila kugonga ukuta. Ukigonga, punguza kidogo; theluji iliyopoteza chembechembe zake ni karatasi tupu, na hakuna programu itakayozirudisha.

Kuhusu rangi, nina ugomvi wa kudumu na wanaosafisha kila kitu kiwe cheupe. Kivuli kwenye theluji ni cha buluu kweli, kwa sababu kinachokiangaza ni anga, si jua. Pale jua linapogusa pana rangi ya dhahabu, baadaye waridi. Ukilazimisha kivuli kiwe cheupe, sehemu yenye jua inageuka manjano ya kuchukiza na baridi inatoka kwenye picha. Weka mizani ya rangi kwenye mchana wa kawaida, karibu Kelvini 5,500, piga faili za RAW, yaani picha ghafi ambazo kamera haijazichakata, na uiache buluu ikae.

Jambo linalozungumzwa kidogo ni nyuso zetu. Mtu mwenye ngozi nyeusi akisimama mbele ya theluji, kamera inaona weupe mwingi, inabana mwanga, na uso unabaki umbo tu lenye meno. Ndugu zetu wanaoishi Skandinavia wana albamu nzima za picha hizo. Pima mwanga kwenye uso. Kwa simu, gusa uso kwenye kioo, kisha telezesha alama ya kijua kwenda juu kidogo. Lakini suluhisho zuri zaidi ni kumgeuza mtu: jua limpige kwa nyuma au ubavuni, na mbele yake pawe na uwanja mpana wa theluji safi. Theluji inakuwa kioo kikubwa kinachorudisha mwanga laini kutoka chini, unaoingia chini ya ukingo wa kofia na kwenye macho, na ngozi nyeusi inang'aa kwa namna ambayo studio nyingi hujitahidi kuigiza. Muweke mbali na kuta nyeusi na lami, maana hizo humeza mwanga huo. Akishakaa hivyo, usihangaike ikiwa kipande cha theluji nyuma kimeungua kidogo. Uso ndio uliokuja kuupiga.

Mwaka 1882 mtafiti Sophus Tromholt kutoka Denmark alikwenda Kautokeino, kaskazini mwa Norwei mbali na pwani, kuchunguza taa za kaskazini. Mabamba ya picha ya wakati ule hayakuwa na wepesi wa kuzinasa. Kinachokumbukwa leo ni picha zake za watu, Wasami walioitazama kamera bila kuigiza. Mkusanyo huo uko kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Bergen na umeingizwa katika rejista ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia. Hilo nalo ninalitumia kuwashawishi wawinda-taa.

Siku za mawingu mazito ziko nyingi. Mwanga unakuja kutoka pande zote, kivuli hakuna, na mlima mweupe unayeyukia kwenye anga jeupe. Usibishane nazo, shuka ufukweni. Visiwani Lofoten, samaki waitwao skrei huvuliwa kuanzia Januari hadi Aprili, na hutundikwa wawili wawili mikiani kwenye chanja kubwa za mbao, wakakaushwa na upepo hadi Mei au Juni. Wengi wao huishia Italia na Nijeria. Chanja hizo, mawe meusi na nyumba nyekundu za wavuvi hazihitaji jua.

Vifaa nitavipitia haraka. Betri za akiba zikae mfuko wa ndani, karibu na mwili. Ukirudi ndani, funga kamera kwenye mfuko wa plastiki tangu ukiwa nje, uifungue ikishapata joto la chumba, vinginevyo inatoka jasho. Miwani ya jua ni lazima, kwani mng'ao wa theluji huunguza macho. Filta ya polaraiza, ile inayokata mng'ao na kukoleza anga, naitumia kwa maji na mawe yenye unyevu tu: jua likiwa chini, sehemu ya anga inayokolea zaidi husimama wima nyuzi 90 kutoka jua, na lenzi pana inakutolea anga lenye doa la buluu-nyeusi katikati.

Kuhusu maporomoko ya theluji sina utani. Mteremko wa nyuzi 30 au zaidi unaweza kuachia, na aliyesimama bondeni chini yake yuko hatarini sawa na aliye juu. Jua la alasiri la Aprili hulegeza tabaka, kwa hiyo saa nzuri ya picha inaweza kuwa saa mbaya ya kupita. Tovuti ya serikali iitwayo Varsom hutoa tahadhari kwa kipimo cha 1 hadi 5. Isome kila asubuhi. Ukifika kilele cha ukingo, kaa mbali na ncha: mara nyingi ni theluji inayoning'inia hewani, chini yake hakuna mwamba, na ndipo kila mpiga picha anapotamani kusimama.

Ukinilazimisha kuchagua, nachagua siku kumi zinazofuata Machi 20. Giza bado lipo la kutosha kwa taa za kaskazini, jua lina kimo kizuri, na theluji ni nene. Angalia tu Pasaka inaangukia lini, kwa sababu Wanorwei hukimbilia milimani wiki hiyo, vyumba vinajaa, na maduka mengi hufungwa sikukuu zenyewe. Nunua chakula kabla ya Alhamisi Kuu.