Gesi ya AC Haiishi, Inavuja

Kila Januari, jua la Dar likishakaza, simu zinaanza: "Fundi, AC imeisha gesi, njoo uniongezee." Hakuna anayesema AC haipozi. Wote wameshajipima na kujiandikia dawa, mimi nimebaki mtu wa kubeba mtungi tu. Juzi mama mmoja wa Tabata akanipa hadi ratiba: ya sebuleni huongezwa kila mwaka, ya chumbani mwaka ukiruka. Nikaona bora niandike, nikiulizwa tena nitume kiungo.

Gesi ya AC haitumiki ikaisha kama ya mtungi wa jikoni. Haichomwi. Inazunguka: kwenye yuniti ya ndani inachemka na kubeba joto la chumba, kompresa inaikandamiza na kuipeleka nje, huko inatoa joto na kurudi kuwa majimaji, safari inaanza upya. Kiasi kilichokuwemo siku ya kufunga ndicho kinachotakiwa kuwemo siku AC inapouzwa chuma chakavu. Ikipungua, imevuja. Anayekuongezea kila mwaka bila kutafuta inapovujia anakuuzia hewa, tena hewa ya bei.

Na AC nyingi ninazoitiwa "zimeisha gesi" hazijapungukiwa hata kidogo. Filta imeziba, koili ya nje (mabomba yanayotoa joto) imejaa vumbi, kapasita inayosaidia kompresa kuwaka imechoka, au umeme wa jioni umeshuka kiasi kwamba kompresa haiwaki. Barafu nayo si ushahidi. Gesi ikiwa pungufu koili ya ndani inaganda, lakini filta ikiwa chafu inaganda vilevile, kwa sababu hewa haipiti. Osha kwanza, halafu tuongee.

Kinachonikera zaidi ni geji, kile kipimo cha presha ya gesi. Fundi anafika, anaichomeka, anakunja uso, anatangaza: "Presha iko chini." Presha ya lini, mashine ikiwa katika hali gani? AC ikiwa imezimwa na kupoa, presha inafuata joto, haifuati kiasi. Maadamu ndani kuna gesi iliyo majimaji, R32, moja ya aina za gesi ya AC, kwenye nyuzi 30 itakusomea PSI (kipimo cha presha) 265 hivi, iwe mashine imejaa au imepungua theluthi. Ikiwa inafanya kazi, presha ya upande wa kunyonya inabadilika kwa joto la chumba, joto la nje, spidi ya feni na uchafu wa koili. Ukija kwenye inveta, yaani AC ambayo kompresa yake hubadili mwendo, ongeza na mwendo huo. Inapokimbia kwa nguvu zote presha inashuka. Chumba kikikaribia nyuzi ulizoweka, mwendo unapungua na presha inapanda yenyewe. Sasa yule bwana kaichomeka wakati inakimbia, kaona sindano imelala, kafungulia mtungi. Dakika kumi baadaye mwendo umepungua na presha imeruka, naye anaondoka akijisifu. Mashine imebaki na gesi ya ziada, na mchana wa jua kali itajizima kwa presha ya juu.

Ninajua tabia hii imetoka wapi. Tumelelewa na R22, gesi ya zamani, kwenye mashine za mwendo mmoja, na huko PSI 60 hadi 70 zilikupa picha nzuri. Gesi za R410A na R32 zilizofuata zinafanya kazi kwa presha kubwa zaidi, na njia ya kuaminika ya kuzijaza ni mizani. Kwenye ubavu wa yuniti ya nje kuna stika yenye aina ya gesi na gramu zake. AC ya R32 ya BTU 12,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza) mara nyingi haifiki kilo moja, kwa hiyo "kaongeze kidogo" ya gramu 200 si kidogo hata punje.

Haya, inavujia wapi? Mara nyingi kwenye fleri, ule mdomo wa bomba uliotanuliwa ili ubanwe na nati, na fleri ilitengenezwa siku ya kufunga. Bomba la kopa limekatwa kwa msumeno badala ya kikatio, mabaki hayakukwanguliwa, mdomo umetoka upande, kisha nati ikakazwa kwa hasira mpaka kopa ikapasuka. Nati ya robo inchi inataka nyutoni mita 14 hadi 18. Ya 3/8 inataka 34 hadi 42. Kuna spana ya kupima nguvu hiyo, inunueni. Kuhusu oili kwenye fleri, watengenezaji wenyewe hawasemi kitu kimoja: mmoja anataka uso wa ndani tu, mwingine na mgongoni. Mimi naweka tone la oili ya kompresa usoni, sigusi nyuzi za nati, na siwezi kukuapia kwamba ndiyo sahihi kwa kila mashine.

Baada ya fleri ni kupima uvujaji kwa naitrojeni kavu, PSI 400 hivi bila kuvuka kiwango cha mtengenezaji, na povu la sabuni kila kiungo. Usithubutu kutumia oksijeni. Oksijeni yenye presha ikikutana na oili inalipuka.

Kisha vakyumu, yaani kunyonya hewa na unyevu wote kutoka kwenye mabomba. Bado kuna wanaofungua valvu kidogo, gesi "ipulize" hewa nje, wakakaza nati na kudai malipo. Gesi waliyopuliza ilikuwa ya kwako, imepimwa kiwandani kwa gramu. R32 pia inashika moto. Na unyevu haujatoka: umeshikamana na kuta za bomba, unaingia kwenye oili, na oili ya mashine hizi hunywa maji kuliko ile ya R22, kisha inazaa asidi. Pampu ya vakyumu inashusha presha mpaka maji yachemke kwa joto la kawaida na kutoka yakiwa mvuke. Vitabu vinataka mikroni 500, ambazo ni nusu milimita ya zebaki. Unene wa sindano ya geji ya kawaida unaficha maelfu ya mikroni. Bila geji ya mikroni unakisia. Hata ukiwa nayo, kwa unyevu wa Dar wakati wa masika kuna siku inagoma kwenye 800, na hujui kama ni maji, hozi zako au kiungo. Hapo nafunga pampu na kuangalia: presha ikipanda kidogo ikatulia, ni unyevu, ikipanda bila kusimama, panavuja.

Umeme kwa ufupi: breka yake peke yake, ethi (waya wa ardhini) ya kweli, na kipimo cha waya kinachosemwa na kitabu cha mashine. Usiichomeke AC kwenye soketi ya friji.

Kuna uvujaji unaonishinda. Nyumba za karibu na bahari, Kigamboni na Mbezi Beach, koili inatoboka kwa vitundu visivyoonekana, sabuni haitoi povu, naitrojeni inalala usiku mzima na sindano haisogei. Koili mpya inakaribia bei ya AC. Mteja akiwa tayari anajua hivyo na mashine ni ya miaka mingi, naongeza kwa mizani na kuandika gramu na tarehe kwenye stika. Pengo kati ya tarehe likianza kufupika, namwambia aanze kutafuta hela ya nyingine.